Udongo Juu ya Bati

Mama,

Shikamoo. Nimeanza hivyo kwa sababu ulikuwa ukisema barua isiyo na shikamoo ni sawa na risiti ya dukani. Marahaba yako sitaisikia, lakini nafasi yake nimeiacha hapo.

Nyumbani ni wazima. Baba anakula, ingawa akinywa uji wangu anausifia wa kwako. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha. Alizeti imetoka vizuri, na mashine yangu ya kukamua pale Ikungi inanguruma kutwa. Hayo ndiyo mema. Sasa nina ugomvi na wewe, na kwa kuwa uliondoka kabla sijajua kwamba tuna la kugombania, nitagombana hapa hapa.

Ugomvi wenyewe ni paa.

Baada ya arobaini yako tulikaa kikao, Baba, mimi na Elia. Elia alikuja kutoka Mwanza na begi dogo, la mtu anayeondoka kesho. Akatoa simu, akatuonyesha nyumba ya rafiki yake iliyoezekwa bati la msauzi, jekundu, linang'aa kama nyanya. "Dada, tuezue yote," akasema. "Tuweke kitu cha heshima. Watu wanapita barabarani wanaona." Kitinda mimba wako, Mama, bado anajenga kwa ajili ya wapita njia. Nikamwambia wanaopita barabarani hawalali humu, anayelala humu ni Baba. Nikamwambia paa hili lina mabati ishirini na nne, niliyanunua mimi, nayajua moja moja. Kama yaliyotoboka ni sita, tutabadili sita. Ng'ombe hachinjwi kwa sababu ana kupe.

"Ndiyo maana una mashine," Elia akasema. "Wewe unahesabu hata matone."

Baba alikuwa ameinamia fimbo yake. Alisema sentensi moja tu: "Aliyeezeka hajaniambia niezue." Akainuka, akatoka nje.

Nilijua neno lile, kuezua, linamuuma. Kwetu upepo ukimwezua mtu, majirani wanakuja na pole kama za msibani. Mtu kuezua nyumba yake kwa mkono wake, hapo watu wanauliza kama mji umehama. Lakini nilidhani ananisema mimi. Bati si nililileta mimi?

Unakumbuka nilivyolileta. Nilikuwa bado nauza kuku, nawanunua kijiji kwa kijiji na kuwapandisha kwenye mabasi ya Dodoma. Kuku kwa kuku mpaka bati kwa bati. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilifanya vile kwa ajili ya shingo yako. Kila mwaka kabla ya mvua ulibeba udongo wa kichuguu kichwani, ukapanda juu ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo, kwa ile ngazi ya mti, ukaumwaga, ukaukanyaga, ukausawazisha kwa viganja mpaka paa likawa laini kama sakafu. Nikasema mama yangu habebi tena udongo. Tukaushusha wote, fundi akapigilia bati juu ya magogo yaleyale. Ulisimama uani, mikono kiunoni, ukatazama kwa muda. Ukasema, "Sasa mimi nitafanya kazi gani?" Tulicheka wote. Nilidhani unatania.

Tangu hapo, mvua ikinyesha, nilikupigia simu. "Mama, nyumba inavuja?" "Haivuji." Mvua ya mawe ikipita: "Haivuji." Mwaka ule kivuko cha njia yetu kiliposombwa na maji, majirani wakalala wima: "Haivuji, mwanangu, chapa kazi." Nami nikachapa kazi.

Basi nikatafuta fundi wa kuniambia ni mabati mangapi ya kubadili. Nimempata Mnyiramba wa Kiomboi, jina lake Kitundu, na usicheke, maana nimeshacheka kwa niaba yako. Alimwamkia Baba kwa adabu zote, kisha akanigeukia: "Nyie Wanyaturu mnamwita Kitundu aje azibe vitundu, akili zenu zinawatosha kweli?" Nikamjibu kwamba Mnyiramba akipanda juu tunahesabu misumari, akishuka tunahesabu tena. "Hesabu na kuku," akasema. Baba alicheka, Mama. Alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Mtani ana kazi yake.

Akapanda. Kisha akanyamaza, na mtani akinyamaza ujue kuna jambo. Baadaye nikasikia ananiita kwa jina la mwanangu: "Mama Joyce! Hebu njoo. Nyumba hii imeezekwa au imelimwa?"

Nikapanda. Nikaona.

Udongo. Kila bati lilipolalia jingine, udongo. Kila kichwa cha msumari, udongo. Mabonde ya bati yamejaa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka. Upande ulikokuwa ukianika mlenda, nyasi zilikuwa zimeota na kukauka. Kwa chini usingeona kitu, maana paa lenyewe lililala kama tembe lake la zamani, magogo ni yale yale, bapa. Kitundu alichokonoa kwa nyundo, na chini ya udongo bati lilibonyea kama mkate uliolowa.

"Udongo unashika maji, maji yanakula bati," akasema. "Ila usimseme vibaya mama yako. Huku nimeshakuta nyumba kama hizi. Watu walihama kwenye tembe, mikono ikabaki."

Nilihesabu palepale. Kumi na saba yameoza, saba mazima. Nilijawa na hasira, Mama. Nilinunua bati ili usibebe udongo, na wewe ukabeba udongo ukaupandisha juu ya bati! Ukaniambia haivuji! Kumbe haikuvuja kwa sababu uliziba, na kila ulipoziba ulitoboa. Nilifungua mdomo nikufokee, mbele ya yule Mnyiramba.

Halafu nikaona vidole.

Ni kwenye kiraka cha juu ya chumba cha Baba, kile kipya, cha mwaka jana. Vidole vyako vinne vimepita hapo vikisawazisha, na kile kilichopinda tangu ulipokiponda na mchi kimeacha mfereji wake pembeni, peke yake. Nikaweka vyangu humo. Vilienea.

Nilikaa juu ya paa. Kitundu alisema anashuka kunywa maji. Hakuwa na kiu yule.

Alipopanda tena tuliongea kama watu wa kazi. Hoja yangu ya viraka ilikuwa imekufa. Kiraka kinataka mahali pazima pa kushika msumari, na pazima hapakuwepo. Tena gogo la kati, linalopita juu ya kitanda cha Baba, lilikuwa limepinda. Kitundu alikadiria udongo ule ni makarai zaidi ya mia. Ukiwa mkavu. Ukilowa je? Nikakataa kuimaliza hesabu hiyo, mimi ninayemaliza hesabu zote. Na mawingu yalishaanza kukusanyika jioni.

Nikampigia Elia. "Tunaezua," nikamwambia.

Akatafuta mtego uko wapi. "Wewe? Dada yangu huyuhuyu?"

"Lakini siyo jekundu."

"Nilijua tu ipo lakini."

Akabaki Baba. Baba akakataa. Nikamweleza gogo, nikamweleza uzito, nikamwomba angalau ahamie kwangu Ikungi mvua zipite. Akajibu vilevile: aliyeezeka hajaniambia niezue. Akaongeza, "Likianguka litanikuta. Mimi nimelizoea." Nilienda kulia kwa Mama Hawa, jirani yako, na yeye ndiye aliyenifumbua macho. Aliendelea kupeta uwele wake huku ananisema.

"Wewe unafikiri anakusema wewe? Bati ni lako, paa ni la mama yako. Kila mwaka anapanda, baba yako anashika ngazi. Nikimwambia, shoga, utaanguka, ananiambia, 'Bati nimepewa na mwanangu, mvua naletewa na Mungu, hapo katikati ni kazi yangu.' Mama asiyepanda juu kabla ya mvua, mji wake utaitwa mji gani? Sasa akuambie wewe ili iweje? Ungemletea fundi, fundi angemkalisha."

Kumbe Baba alikuwa anashika ngazi. Mzee wa watu, miaka yote hiyo, ngazi mkononi na siri mdomoni.

Sikumsumbua tena. Jumapili tulipotoka ibadani tulipita kaburini kwako. Limedidimia, Mama. Udongo umekaa, na upande wa miguu pamefunguka shimo ambalo kuku angeweza kulalia mayai. Baba alisimama, akatazama shimo, akatazama mawingu. Kisha akageuka akatazama paa. Si mbali, unajua mwenyewe.

"Ule wa juu uletwe hapa," akasema.

"Upi, Baba?"

"Udongo wake. Usimwagwe njiani, usipelekwe shambani kwa mtu. Mkiuleta wote hapa, ezueni."

Elia alirudi, safari hii na begi kubwa. Kitundu na wenzake walikuwa juu wanabandua, sisi tulikuwa chini na makarai. Mama Hawa alikuja na wanawake wenzake bila kuitwa. Elia alibeba karai begani, anayumba, na wale mama zake hawakumwacha: "Wewe mwanaume wa Mwanza, huo ni udongo au sangara?" Mimi nilijitwika kichwani. Mimi niliyenunua mabati ili udongo usibebwe tena, niliubeba, shingo ikaniuma pale pale ilipokuwa ikikuuma wewe, na nikajua kwa nini ulikuwa ukinyamaza ukishuka.

Kile kiraka cha vidole sikumruhusu mtu akitie kwenye karai. Kitundu alikinyanyua na koleo polepole kama anatoa mkate jikoni. Baba akakipokea kwenye ungo wako, akakibeba mwenyewe. Kilimvunjikia vipande viwili kabla hajafika. Baba alipiga magoti, akakiweka upande wa kichwa, karibu na msalaba, akadondosha maji kidogo, akaunganisha ule ufa kwa vidole vyake. Vyako bado vinaonekana. Vyake vimepita katikati.

Paa jipya ni bati la kawaida, nene kuliko lile. Magogo ya tembe tumeyashusha, Kitundu ametupigia kenchi za mbao za kuinua paa sawasawa, maji hayapati mahali pa kukaa. Elia nimemruhusu apake rangi nyekundu ubao wa mbele. Wapita njia wana chao. Yale mabati saba mazima nimeezekea banda la kuku, maana kuku ndio walioyanunua.

Bado nina kinyongo na ile "haivuji" yako. Sitakudanganya kama wewe ulivyonidanganya. Gogo lilikuwa juu ya kichwa cha Baba, na hata ningehesabu kwa huruma kiasi gani, hesabu hiyo haibadiliki. Lakini siku hizi nikikasirika naona kile kidole kilichopinda, na hasira inakosa pa kukaa.

Na lile swali lako la uani nimepata jibu lake. Kazi ipo, Mama. Bati nalo linataka mtu. Linataka kufagiliwa majani, kukaziwa misumari, kuondolewa mawe wanayorusha watoto. Kila mwaka kabla ya mvua nitafunga mashine, nitakuja, nitapanda. Udongo sipandishi. Udongo nitauongeza kwako, ukipungua. Baba ameshaniambia ngazi ataishika yeye, na mtu asimwambie habari za uzee.

Jana mchana mvua ya kwanza imenyesha, ile ya kupiga bati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Elia akanipigia akiwa huko Mwanza. "Dada, inavuja?" Nilizunguka chumba kwa chumba, nikagusa kuta, nikagusa mto wa Baba.

"Haivuji," nikamwambia.

"Usiniambie kama Mama," akasema. "Panda uangalie."

Ilipokatika nilipanda. Baba alishika ngazi. Nikaangalia misumari, nikaangalia maungio, pote pakavu kwa chini na pasafi kwa juu. Niliposhuka nilipita na kwako. Tuta limekaa vizuri, maji yameteleza pembeni yakaenda zake.

Lala, Mama. Na kwako nako haivuji.

Mwanao,
Maria