Joka la Mabawa Manne

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Karatasi zimelegea kama chapati za jana. Nimewahamisha wanyama wangu wote wa karatasi kutoka kabatini hadi kwenye ndoo ya mchele, kitambaa chini, kitambaa juu. Mchele mkavu unanyonya unyevu vizuri. Kiboko mzima. Vyura wazima. Twiga amepinda shingo, atapona.

Joka ndilo lililonishtua. Kuna mtu kalifungua. Kalikunja tena, ila bawa la nyuma halilali nilivyolilaza mimi. Joka hili sikufundishwa na mtu wala na simu. Karatasi moja, bila mkasi, bila gundi, mabawa manne. Jumamosi ya wiki ijayo linakwenda Matema, kuwekwa kwenye ukumbi wa hoteli na jina langu chini yake. Mtu akiliiga kabla ya hapo, nani ataamini ni langu?

Nimemuuliza mume wangu, Ambakisye. Kasema labda panya. Panya anayekunja karatasi!

Jumatano, 6 Machi

Leo zamu ya kiboko. Asubuhi nilimwachia punje ya mchele mgongoni makusudi, nikaenda shuleni kwa watoto wangu wa chekechea. Nimerudi, punje iko chini.

Mchana nyumbani wanabaki watu wawili tu. Wifi yangu Sekela, anayekuja kumpikia baba yao, na baba mkwe, aliyeletwa kutoka Busale baada ya kupata kiharusi. Baba mkwe simhesabu. Ni mgonjwa. Tena mimi na yeye hatuonani. Ndiyo desturi ya kwetu: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hataji jina lake. Hata humu siliandiki. Nikifika mlangoni nakohoa, yeye anatokea mlango wa nyuma kwenda chumba chake cha uani. Tangu aje, ninachokijua kwake ni kikohozi na mburuzo wa kandambili.

Anabaki Sekela.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeikagua mikunjo dirishani. Mimi nakandamiza kwa kucha ya mkono wa kulia. Huyu kakandamiza kutokea kushoto. Sekela ni mashoto. Dalili ya mvua ni mawingu.

Jumamosi, 9 Machi

Sekela kaenda Lyulilo kuchukua vyungu vya kuuza, kama kila Jumamosi. Kutoka Lyulilo hadi Matema ni pua na mdomo. Kabeba kikapu, kakifunika kitenge. Kikapu kitupu kinafunikwa cha nini? Nimemwita, nikajifanya namwekea ndizi za njiani. Ndani mna mwavuli na kandambili.

Sijaridhika. Joka si lazima libebwe kikapuni. Anaweza kulibeba kichwani.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani Sekela kaimba kuwashinda wanakwaya. Mwenye moyo safi hapazi sauti kiasi kile.

Jumanne, 12 Machi

Joka limefunguliwa tena. Nimeshindwa kujizuia. Nimemwambia Sekela usoni, mbele ya Ambakisye, kande zikiwa bado motoni. Nimesema wezi wa kuku tunawajua, sasa tumepata mwizi wa akili.

Alinitazama weee. "Wifi, mimi na karatasi wapi na wapi? Mimi hata bahasha naifungua kwa meno."

Kisha akafungua kitenge alichojifunga kupikia, akakiweka juu ya stuli. "Basi, baba utampelekea chakula wewe mwenyewe."

Akaondoka. Ambakisye alikuwa anatazama kande. Hakunitetea, hakumtetea dada yake. Na huyu anajua kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nalala nacho kitanda kimoja. Nina hasira.

Jumatano, 13 Machi

Nimekuja na chaki ya bluu kutoka shuleni. Nimeisaga, nimeyapaka mabawa yote manne. Sekela bado ana ufunguo wa nyumba. Akirudi kinyemela nitamkamata kwa vidole vyake.

Uji wa baba mkwe kesho nitauacha sebuleni juu ya stuli, nikohoe, nitoke.

Alhamisi, 14 Machi

Joka limefunguliwa. Na Sekela ameshinda Busale akianika kakao, majirani zake wa Bondeni wote wanasema hivyo.

Nimeosha vyombo. Kikombe cha uji kina bluu. Kwenye kishikio, na kwenye ukingo pale mtu anaposhika. Nimekaa chini jikoni.

Nimemuuliza Ambakisye ni mkono upi wa baba ulioguswa na kiharusi. Akanishangaa: wa kulia, hukujua? Ningejuaje? Sijautazama hata siku moja. Ndipo akasema yote. Hospitali walimwambia mzee avishughulishe vidole. Akawaona wanyama wangu, akaanza kuwafungua ili aone wamekunjwaje. Wa kulia unashikilia, wa kushoto unakandamiza. Akamkataza mtoto wake asiniambie. Aliona haya: mwalimu yumo nyumba hiyohiyo na kumuuliza hawezi.

Naona aibu. Sekela nitamtazamaje?

Ijumaa, 15 Machi

Nimekwenda kwake Bondeni kabla ya shule. Kaniacha mlangoni huku anafagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Nimeomba radhi bila kuzunguka. Akafagia, halafu akacheka. "Ndaga, wifi, asante. Nimekusamehe. Ila vyungu vya kesho utabeba wewe."

Joka limechanika shingoni kwa kufunguliwa mara nyingi. Nimekunja jingine kwa karatasi kubwa ya mwisho niliyokuwa nayo. Nilidhani nitamkasirikia mzee. Hasira imekataa kuja.

Jumamosi, 16 Machi

Matema. Joka liko ukumbini, jina langu chini yake. Wageni wamelipiga picha. Nimefurahi, ila si kama nilivyokuwa nikiota. Kurudi nimepakata vyungu viwili vya Lyulilo mpaka magoti yamekufa ganzi, Sekela pembeni anakula karanga.

Joka lililochanika nimeliacha sebuleni juu ya stuli, limefunguliwa lote, mikunjo wazi. Kando yake karatasi ya kalenda ya zamani, nimeianza mikunjo miwili tu.

Jumapili, 17 Machi

Mkunjo wa tatu mzee aliuweka jana. Umekwenda upande, lakini ndio wenyewe. Asubuhi nimeuongeza wa nne, nikaenda kanisani.

Nimerudi, manyunyu. Nimekohoa mlangoni. Kandambili hazikuburuzika. Nimesikia karatasi. Nimekohoa tena, pole pole, na kikohozi kikanijibu kutoka ndani.

Sikuingia. Nimekaa barazani, nimeupa mlango mgongo, mpaka alipomaliza mkunjo wake.