Sentensi Niliyoiongeza Mimi

Maili Moja,
Kibaha, Pwani.
Jumapili, 2 Juni 2024.

Mpendwa Mjomba Omary,

Shikamoo. Najua barua huanza na kujuliana hali, na hilo linakuja, lakini nikilitanguliza nitapata pa kujificha. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Ile barua ya kuomba radhi aliyopelekewa Alhaji Mwinjuma mwezi uliopita niliiandika mimi. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba ile sentensi inayosema "nakiri kwamba mayai yaliharibika kwa uzembe wangu" mama hakuitamka. Niliiongeza mimi.

Sasa nakusalimu. Habari za Tunduma na baridi yake? Mguu wako umepungua maumivu? Mke wako, Mama Maua, hajambo, na Maua bado anagoma kwenda chekechea? Sisi hapa ni wazima. Halidi alilazwa siku mbili kwa malaria, lakini amepona na ameshaanza tena kunichania madaftari. Shule imefungwa Ijumaa. Nimekuwa wa nne katika kidato cha tatu, hisabati ndiyo iliyoniangusha.

Labda unashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu mimi huishia kwenye shikamoo, ukiniuliza jambo la pili nampa mama. Kwenye karatasi naweza kusema hadi mwisho, na leo nataka kusema hadi mwisho.

Naomba nikueleze mambo yalivyokuwa, maana nadhani ulielezwa nusu. Mama amefanya kazi kwenye kituo cha Alhaji cha kutotolesha vifaranga kwa miaka sita. Ijumaa ya tarehe tatu Mei, umeme ulikatika kabla ya adhuhuri. Jenereta haikuwaka kwa sababu haikuwa na dizeli. Mama alikuwa amemwambia msimamizi, yule Brighton, tangu Jumatano kwamba dizeli imekwisha, na alimwambia mbele ya mwenzake Maulida. Siku ile alimpigia simu mara tatu, haikupokelewa. Wakafunika mashine kwa mablanketi na magunia, wakabeba maji ya moto, wakafanya yote ambayo mikono minne inaweza kufanya. Umeme ulirudi jioni na mayai yalikuwa yameshapoa.

Jumanne ya tarehe saba Brighton akamwambia mlangoni, "Mama Naila, kesho usije." Ndiyo barua ya kufukuzwa aliyopewa mama, Mjomba. Maneno manne, na mawili kati yake ni jina lake. Hakuitwa kujieleza, wala Alhaji hakumtazama usoni.

Usiku huohuo ulipiga simu ukasema twende kwa radhi. Ukasema mkubwa haendewi kwa ubishi, hata kama hujamkosea unamwomba msamaha ili moyo wake ulainike, ndivyo ulivyolelewa Kisarawe. Mama akakubali kwa sababu wewe ni kaka yake. Akaniita nikalete daftari. Maneno aliyoniambia niandike nayakumbuka yote, hayakuwa mengi: kama nimekukosea mahali popote, Alhaji, naomba radhi, nirudishe kazini nilee wanangu.

Nilimsomea, akasema sawa. Kisha nikakaa peke yangu kuinakili kwenye karatasi safi, na nikaiona imepungukiwa. Pale shuleni kwetu anayechelewa huandika barua ya kukiri kosa, na mwalimu wa nidhamu huirudisha kama haina maneno "nakiri" na "sitarudia". Mimi huwaandikia nusu ya darasa. Mkono wangu umeyazoea. Nikayaweka kama mpishi anavyoweka chumvi bila kuonja, na nikaona nimeandika vizuri. Mama akatia sahihi mahali nilipomwonyesha.

Babu Salumu aliipeleka pamoja na jogoo. Halidi aliuliza kwa nini tunampelekea kuku mtu mwenye kuku, akafukuzwa nje. Alhaji akapokea, akasoma, akasema amesamehe kwa moyo mmoja. Jogoo akabaki kule, barua ikabaki kule, na mama hakuitwa kazini. Wiki iliyofuata alipokwenda kuuliza, Brighton alicheka. "Si umekiri mwenyewe kwa mkono wako? Unataka nini tena, tukuandikie na shukrani?" Mama alirudi bila kuelewa alichokuwa anachekewa. Mimi nilielewa. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka nikaitwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma. Mudathir, mwenye duka la steshenari karibu na stendi, alinichapia kurasa za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Zilikuwa za Kiingereza, nikazisoma jioni nne na kamusi. Sikuelewa zote, lakini haya nimeyaelewa vizuri kabisa. Mwajiri haruhusiwi kumwachisha mtu kazi bila sababu ya haki na bila kufuata utaratibu. Mfanyakazi huambiwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujitetea. Na wakibishana, si mama anayetakiwa kuthibitisha kwamba alionewa. Ni Alhaji anayetakiwa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Niliposoma hapo nilisimama, Mjomba. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea kutafsiri.

Kuna njia pia. Iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kulalamika huko hakulipiwi. Unajaza fomu, unampa mwajiri nakala yake kwanza, unabaki na ushahidi kwamba ameipokea, kisha unaipeleka Tume. Wanaanza kwa kuwakutanisha mzungumze. Msipoelewana, kuna anayesikiliza ushahidi na kuamua. Anaweza kuamuru mama arudishwe kazini au alipwe fidia. Mama hana mkataba wa maandishi, nikaogopa hilo litamwangusha, lakini haliondoi haki yake. Aliyepaswa kumwandikia masharti ya kazi ni mwajiri.

Lakini muda wake ni siku thelathini tangu kuachishwa. Nimezihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Zinaisha Alhamisi hii, tarehe sita.

Wewe umesema tungoje uje Idi kubwa, uzungumze na Alhaji kiume. Idi ni baada ya tarehe kumi na tano. Ukija utatukuta tumekwisha. Mtu akichelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini lazima atoe sababu nzuri, na sidhani kuna mahali pa kuandika "tulikuwa tunaona haya".

Najua sababu yako kubwa. Ulimwambia mama kwamba mtu aliyembeba mama yetu hashitakiwi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa darasa la tano. Nalikumbuka gari la Alhaji lililompeleka bibi kuzikwa Kisarawe, na namna mama alivyomshika mkono. Mungu amlipe kwa siku ile. Lakini gari la msiba halikuwa malipo ya awali ya kumfukuza binti wa marehemu. Kama wema wa siku moja unanunua ukimya wa maisha, basi ni bora tuwe tunabeba maiti zetu kwa miguu.

Nisamehe kwa maneno hayo. Nimeyafuta mara moja na nimeyaandika tena.

Unasema watu wa Kisarawe watatuonaje. Mimi nimejiuliza wanamwonaje mama sasa hivi. Wanamwona kama mtu aliyezembea akaua mayai elfu nne, kwa sababu Brighton anawasomea barua yangu. Tukinyamaza, hiyo ndiyo itakuwa hadithi yake mpaka kuzeeka. Miaka sita alikuwa akigusa yai kwa nyuma ya kiganja na kujua kama mashine imepungua joto kabla kipimo hakijasema. Sitaki mtu huyo aitwe mzembe kwa mwandiko wangu.

Kwa hiyo, Mjomba, sikuandikii kuomba ruhusa. Wewe ni mkubwa wetu na neno lako lina uzito nyumbani hapa, lakini safari hii sitalifuata, na nitamwomba mama naye asilifuate. Kesho asubuhi nitamwambia habari ya ile sentensi. Hilo naliogopa kuliko Tume na kuliko Alhaji. Ukikasirika, nikasirikie mimi, mama usimpigie kwa ukali. Ana mambo ya kutosha.

Msalimie Mama Maua, mwambie vitenge alivyotuma vilifika na changu nitakivaa Idi. Mbusu Maua. Babu Salumu anakusalimu kutoka Gwata, mihogo imekubali mwaka huu. Halidi anasema umletee gari lenye rimoti, nami naandika kwa sababu amesimama hapa. Mungu akupe afya ya mguu na riziki isiyokuinamisha kwa mtu.

Ni mimi nikupendaye na nitakayeendelea kukupenda hata ukininunia,
mpwa wako,
Naila.

Jumatano, 5 Juni.

Barua hii ilikuwa bado ndani ya daftari, kwa hiyo naongeza yaliyotokea.

Jumatatu baada ya sala ya alfajiri nilimwambia mama. Alikuwa anaosha sufuria. Aliosha mpaka ikatakata, akaiinamisha, ndipo akasema, "Kumbe ndicho alichokuwa anakichekea Brighton." Nikalia. Akasema, "Utalia baadaye. Hiyo fomu inajazwa kwa kalamu gani?" Tuliijaza kwa kalamu nyeusi. Safari hii nilimsomea kila neno baada ya kuliandika, na mawili alinifutisha.

Jana Jumanne tulikwenda kituoni. Brighton hakutaka kuipokea. "Haa, leo mwanasheria kaja na ndala," akasema, na wenzake wakacheka, isipokuwa Maulida. "Mimi si mwajiri wenu. Mpelekeeni mwenyewe Kisarawe." Nadhani hakutarajia tungekwenda. Tulipokuwa tunatoka Maulida alitufuata hadi getini akamwambia mama, "Wakiniita nitasema. Nilikuwepo Jumatano ile, nilisikia." Akarudi ndani haraka.

Tulifika kwa Alhaji baada ya alasiri. Alikuwa barazani na wazee wawili. Tulimwamkia, akatukaribisha mkekani, akaagiza tuletewe maji. Mama akampa fomu kwa mikono miwili. Aliisoma polepole na miwani yake mkononi.

"Mwamvita," akasema, "mimi si nilikusamehe?"

"Ulinisamehe, Alhaji, na msamaha nimeupokea. Sasa nimekuja kutafuta kazi yangu."

"Hapa umeandika hukuzembea. Kule uliandika umezembea. Nishike lipi?"

Mama akanitazama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakanitoka. Nilisema tu kwamba sentensi ile ni yangu, mama hakuitamka na hakujua kama ipo, na kwamba nitayasema hayo popote nitakapoulizwa.

"Nani kakufundisha useme hivyo?"

"Hakuna, Babu. Nimekuja kusema kosa langu. La dizeli si letu."

Mzee mmoja akakohoa. Alhaji akaniuliza, "Mjomba wako Omary anayajua haya?"

"Nimemwandikia," nikasema.

Aliisoma fomu tena tangu mwanzo. Kisha akaomba kalamu, akaandika "Nimepokea" kwenye nakala yetu, tarehe na sahihi. Hakusema kama atamrudisha mama wala kama hatamrudisha. Alituaga vizuri.

Leo asubuhi tumekwenda ofisi ya Tume hapa Kibaha. Karani aliikagua fomu, akaangalia tarehe ya kuachishwa, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda yake, akasema tumewahi. Akaigonga muhuri. Nilimpa na maelezo yangu, ukurasa mmoja, kwamba barua ya radhi niliiandika mimi na sentensi ipi niliiongeza na kwa nini. Akasema hayo niyatunze, yatatakiwa ushahidi utakaposikilizwa, na kwamba wakati huo nitaulizwa mbele ya watu. Nikamwambia nitakuja. Tutapewa wito wa siku ya usuluhishi.

Tulirudi kwa miguu. Mama alikwenda sokoni, mimi nikapita kwa Mudathir nikatoa nakala mbili za maelezo yale. Moja nimeiweka pamoja na fomu yenye muhuri. Nyingine nimeikunja ndani ya bahasha hii, uisome mwenyewe.