Mkamwana Amekata Kingo Nyeupe za Hosta Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamwambia mtu ahame nyumbani kwangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nyuma ya jiko, pale ukuta unapozuia jua mchana kutwa, nina bustani ya kivuli, na humo kuna hosta, mmea mdogo usiozidi sahani, majani yake ya kijani yamezungukwa na kingo nyeupe kama lesi, nao ulimegwa kwenye shina la hosta ya marehemu dada yangu, ambaye bustani yake sasa ni maegesho ya magari, kwa hiyo hakuna mwingine. Juzi narudi kutoka kliniki, mke wa mwanangu ananipokea mlangoni anatabasamu, "Mama, nimekutibia ua lako!" Kumbe ameuona weupe ule akadhani ni ugonjwa, akachukua mkasi wangu wa kushonea, akapiga magoti, akakata kingo zote nyeupe, jani baada ya jani, mpaka mmea ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa! Nikamwuliza, "Nani amekutuma?" akaanza kulia, na mwanangu, badala ya kunitetea, ananiambia, "Mama, si majani tu?" Majani tu! Tangu hapo sisemi na mtu, chakula nakula chumbani. Nikiwaambia wakatafute kwao, nitakuwa nimekosea?

Mwalimu Mwenye Hasira

Pole, Mwalimu. Mimi ningepiga kelele mpaka majirani watoke. Lakini umefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, na huyu unayeishi naye hukumweleza hata siku moja kwamba weupe ule ndio uzuri wenyewe? Angejuaje? Tena asiyekupenda hapigi magoti kwenye tope kukata kingo za majani. Angeung'oa mmea, basi.

Nao haujafa. Hosta huchipua kutoka shinani, chini ya udongo, na huko mkasi haukufika. Majani yaliyobaki yaache, maana ukijani wake ndio unaolisha mizizi. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope, konokono waokote, na usiuhamishie juani kwa huruma, utauunguza. Likitokea chipukizi la kijani kitupu, hilo ndilo la kukata, kwa sababu lina nguvu kuliko yenye weupe na litayameza. Mwonyeshe mkamwana wako, kisha umwachie mkasi alikate yeye.

Leo toka chumbani, ukale mezani. Mmea huo upo kwa sababu dada yako alikumegea wewe. Ukishamfukuza huyu, wewe utammegea nani?