Kabla Sijakikalia Kiti Chako

Mpendwa Baba Mwende,

Theluji imeanza kuyeyuka hapa Saint Paul, huku Marekani, nami nimekuja kwako na swali. Zamani wewe ndiwe uliyeniuliza kabla ya kuwajibu watu. Leo ni zamu yangu.

Unamkumbuka yule Mwairishi wako? Nasema wako kwa sababu ulimleta kwenye ndoa yetu kama wengine wanavyoleta mashemeji. Padri aliyewafundisha bwenini kule Kitui alitoka mji mmoja naye, akawasimulia habari zake: bingwa wa mchezo wao wa fimbo bapa na mpira mdogo mgumu, aliyebeba vikombe akiwa kijana, kisha akawa mwanasheria, mbunge, waziri, na mwisho waziri mkuu wa nchi yake. Padri alileta fimbo moja darasani, nanyi mkachonga zenu, mkapasuana vifundo vya miguu. Hadi uzeeni ulikuwa ukinionyesha lile kovu kama medali.

Lakini hukumpendea vikombe. Ulimpendea jinsi alivyokipata kiti. Wakubwa wa chama chake walikuwa wakikivutania, chama kikakaribia kupasuka, ndipo wakamwendea yeye, mpole ambaye hakukiomba. Akawaambia wangoje, azungumze na mke wake kwanza. "Mtu amewapita mabeki wote wa Ireland," ulikuwa ukisema, "na bado anajua kapteni ni nani."

Nakumbuka pia Machi ile tuliposimama kando ya barabara kutazama gwaride la Wairishi. Ukamwona mzee mwenye fimbo ile na mpira wake, ukamwomba uishike. Ukauweka mpira juu ya ubapa wake, ukatembea na glavu zako nene na lile koti la buluu, na mpira usianguke.

"Nani amekufundisha?" mzee akauliza.

"Padri wetu, kule Kitui."

"Kitui? Hiyo iko upande gani wa Ireland?"

"Kusini kidogo," ukamjibu, uso mkavu kabisa. Mimi nikauma skafu yangu nisicheke.

Ndiyo maana Wakamba wenzetu wa huku walipokutaka uwe mwenyekiti wa chama chetu cha kufarijiana, sikushangaa uliposema, "Wacha nimuulize Mama Mwende." Walikucheka mbele yangu. "Mzee amekaliwa huyu!" Nilikuwa namenya viazi. Nikakuambia, "Kubali. Lakini sauti ya mwenyekiti uiache mlangoni, pamoja na viatu." Ukaiacha, miaka yote. Hata ulipotoka kuwageuza wagonjwa vitandani usiku kucha, uliingia ukiuliza kwanza kama mimi nimelala.

Sasa umeondoka, na chama kinapasuka. Wa kitongoji cha Eden Prairie wanataka mikutano iwe kwao, kwa sababu kuna ukumbi mzuri na kila mtu ana gari. Wa Brooklyn Center wanasema wao hupanda basi, na huko hakuna basi la Jumapili la maana. Kila upande una mgombea wake. Nilidhani ni maneno tu, mpaka Mama Kioko alipofiwa na mumewe. Tulikwenda kukaa naye kama kawaida, na pande zote mbili zikaja na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe. Mbili, Baba Mwende, kwenye meza moja, kila moja na walinzi wake. Mjane akasimama na mwiko mkononi, akituangalia, asijue afungue ya nani bila kuukosea upande mmoja. Mwishowe akaurudisha mwiko kwenye droo. Hakula. Siku ile kazi yetu ilikuwa moja tu, kumlisha, nayo ikatushinda.

Wiki iliyofuata wakaja kwangu, pande zote, wakiona haya. "Mama, kaa wewe kwenye kile kiti. Wewe hakuna anayekukataa."

Nikasema, "Nitamuuliza mume wangu kwanza."

Shemasi mmoja kati yao akaniinamia kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Mama, Mzee alishatutoka."

"Najua. Mimi ndiye niliyemfunga tai."

Basi nakuuliza. Mimi si mtu wa mikutano. Napenda vitabu vyangu na kona yangu ya dirishani. Ninachoogopa si kazi. Naogopa kukikalia kiti kile nikiwa bado nakiona kina wewe. Nimekaa na swali hili tangu chai ya asubuhi, na kila ninapokisikiliza kimya chako, nasikia tu yale niliyokujibu mimi nikimenya viazi.

Kwa hiyo nitakubali. Tutakutana hapa Saint Paul, karibu na kituo cha treni. Wenye magari waendeshe, wa basi waunganishe na treni. Na Jumamosi tunarudi kwa Mama Kioko, na sufuria moja. Nimeshaloweka mahindi na maharagwe. Viatu vyangu nitaviacha mlangoni.

Ni mimi, uliyekuwa ukiniuliza kwanza,
Mama Mwende