Namba ya Jana

Mwenzangu, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Nimempa rubani namba ya jana. Ya JANA. Puto la leo la kupima hewa lilipasuka mapema, nikajaza urefu wa jana, ule ambapo barafu inaanza kuganda kwenye mabawa ya ndege. Nilidhani hautapishana sana.

Leo barafu imeanzia futi elfu tatu chini zaidi. Naye kaingia mawinguni na abiria tisa.

Akaita redioni: "Mama Hali ya Hewa, mbona mabawa yanaota barafu? Si ulisema huku ni salama?"

Si ulisema. Yananitafuna hayo maneno.

Bosi akanisogezea kipaza sauti. "Mwambie wewe."

Na redio inarekodi kila neno, unajua. Miaka minne ya masomo ya jioni, mtoto mgongoni. Nikasema: "Namba niliyokupa ni ya jana. Kosa ni langu. Shuka hadi elfu kumi na mbili."

Nikaikazia macho saa ya ukutani. Dakika sita nzima.

Kisha: "Nimeshuka. Barafu inadondoka yenyewe. Asante kwa kusema mapema."

Mapema, ananiambia.

Bosi kachukua kitambulisho changu, kasema nisubiri nje. Nimekaa kwenye ngazi. Nichukulie mtoto chekechea, tafadhali. Mwambie mama bado yuko kazini.