Maji Aliyoogelea Baba Yako

Bronwyn,

Mashine ya klorini ya bwawa la kuogelea imeharibika asubuhi hii. Mpya inakuja Alhamisi. ~~Weka vidonge vya klorini alivyoleta jirani Trevor.~~ Usiweke vidonge. Vinaacha majini dawa nyingine isiyoisha yenyewe, na ikizidi itabidi tumwage nusu ya maji ya bwawa. Tumia klorini ya majimaji, dumu liko bandani. Imimine jua likishazama, pampu ikiwa inazunguka.

Trevor alinicheka: "Glenys, maji tu hayo! Si utajaza mengine?" Baba yako aliogelea humo siku mbili kabla ya kufariki. Najua mvua zimeongeza mengine, lakini yale yake bado yamo.

Pai ya nyama iko kwenye friji. Ukitaka kuogelea, ogelea kabla ya kumimina. Mimi bado naishia kuchovya miguu.

Mama