Wabeba-kipoyi Hawakurudi Shambani

Furaha, mujukuu wangu,

Amani ikufikie huko Goma. Hapa Mushaki maharagi imeota muzuri, na ng'ombe ya mama yako imezaa. Mambo ya usalama wa barabara tuyaache.

Uliniuliza: kama hesabu yenu ya hatari, ninyi wanganga wa hospitali, inaonyesha mugonjwa wa tumbo anaweza kufa akishapasuliwa, mumwambie ao mumufiche?

Mimi walinificha. Nilikuwa kijana, tumbo imekuwa ngumu kama ubao, majirani wakanilaza kwa kipoyi, kitanda ya miti ya kubeba mabegani, wakanipeleka mpaka hospitali. Munganga alinipima, akamuita baba inje. Baba akarudi anacheka: "Iko kitu kidogo."

Lakini kwetu, wabeba-kipoyi wakishafikisha mugonjwa, wanarudia shamba zao. Siku ile walikaa mulangoni, kipoyi kati yao, hakuna mwenye aliniangalia. Nikajua wanangojea kubeba maiti. Woga kama ule sijaona tena.

Munganga aliona macho yangu yanaangalia wale wa mulangoni. Akavuta kiti. "Iko mubaya sana," akasema. "Njo maana sitatoka hapa."

Niliogopa zaidi, Furaha, lakini sikuogopa peke yangu.

Sasa sikia. Tangu asubui tumbo imekaza tena kama siku ile. Barua hii inatangulia na mutu wa pikipiki. Mimi nakuja nyuma, kwa hospitali yenu. Majirani wameshaleta kipoyi, na hakuna mwenye ananiangalia.

Ukishapiga hesabu yangu, usinichekee kama baba. Vuta kiti, uniambie.

Babu yako